Njia ya Kushoto

Mwezi Juni mwaka 1921, kijana wa miaka 19 kutoka Atlanta, Georgia, alikuwa ndani ya shimo la mchanga huko St Andrews, Uskoti, akihangaika kuutoa mpira. Jina lake Robert Tyre Jones, lakini watu walimwita Bobby. Ilikuwa raundi ya tatu ya Open, mashindano makongwe kuliko yote ya gofu. Mashimo tisa ya kwanza yalikuwa yamemgharimu mikwaju 46. Shimo la kumi akapiga sita. Kufika la kumi na moja, mpira ukatumbukia mchangani na yeye akaufuata huko huko na hasira zake. Kabla hajalimaliza shimo hilo aliuokota mpira kwa mkono. Katika gofu ya kuhesabu mikwaju, anayeokota mpira wake kabla haujaingia shimoni amejitoa mashindanoni.

Jones hakuwa mchezaji mbaya. Tangu utotoni Marekani ilikuwa ikimtaja kuwa mtoto wa ajabu, na kupiga mpira alijua. Alichokuwa hakijui ni uwanja aliokuwa akiukanyaga. Aliuona kama shamba lililoachwa bila mlimaji: ardhi yenye mawimbi, majani yaliyoungua kwa jua na upepo, mashimo ya mchanga yaliyojificha mahali pasipo na maana, na mpira uliopigwa vizuri unadunda na kuishia pabaya. Aliondoka akiuchukia, wala hakuficha.

Miaka 37 baadaye mtu huyo huyo alirudi katika mji huo akitembea kwa fimbo mbili, akawaambia wenyeji kwamba kama angenyang'anywa yote aliyoyapata maishani akaachiwa tu yaliyompata St Andrews, bado angejihesabu kuwa ameishi maisha yaliyojaa. Kilichotokea katikati ya siku hizo mbili kinaeleza namna ya kuucheza ule uwanja. Kinaeleza pia swali ambalo gofu haijamaliza kulijibu mpaka leo: uwanja ni wa nani?

Tuanze na ardhi yenyewe. Kati ya mji wa St Andrews na bahari kuna ukanda wa mchanga uliofunikwa majani mafupi, ardhi isiyofaa kwa kilimo. Wenyeji waliitumia kwa mengine. Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alitoa hati ya kuwaruhusu watu wa mji kufuga sungura hapo, na hati hiyo hiyo ikathibitisha haki yao ya kucheza gofu, mpira wa miguu na michezo mingine. Mwishoni mwa karne ya 18 mji ulizama kwenye madeni na ardhi ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Wanyama wakachimba kila mahali, wachezaji wakapandwa na hasira, kesi zikafika mahakamani. Ugomvi ulitulia mwaka 1821, James Cheape, mwenye shamba la jirani aliyependa gofu, alipoinunua ardhi hiyo. Hatimaye ilirudi kwa umma. Leo inasimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1974, na Jumapili uwanja mkongwe, Old Course, hufungwa kwa wachezaji na kuwa bustani ya watu wote. Wenyeji huja na mbwa na watoto, wakakatiza palepale ambapo Jumamosi mtu alikuwa akitetemeka kwa mkwaju wa futi tatu.

Kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeuchora, uwanja ulijichora wenyewe kwa miguu ya watu. Wachezaji walitoka mjini wakafuata ukanda mwembamba mpaka kwenye kingo za mto Eden, kisha wakageuka na kurudi kwa njia ile ile, wakilenga mashimo yale yale. Raundi ilikuwa na mashimo 22. Mwaka 1764 mashimo manne ya mwanzo yaliunganishwa yakawa mawili, na kwa kuwa yalichezwa kwenda na kurudi, jumla ikawa 18. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kanuni ya gofu duniani kote. Baadaye, wachezaji walipozidi na wanaokwenda wakawa wanagongana na wanaorudi, ukanda ulipanuliwa na kila grini, yaani ile zulia ya majani mafupi kabisa yenye shimo na bendera, ikatobolewa mashimo mawili. Mpaka leo grini saba za Old Course zinachangiwa: shimo la pili na la 16, la tatu na la 15, la nne na la 14, na kuendelea. Jumlisha namba za kila jozi utapata 18.

Hapo ndipo mkakati wa Old Course ulipozaliwa. Ukisimama kwenye shimo lolote kati ya hayo ya kwenda, kulia kwako kuna vichaka vya miiba na kushoto kuna njia ya wanaorudi. Ukigeuka kurudi, kushoto kuna njia ya wanaokwenda, na kulia, katika mashimo ya mwisho, kuna ukuta au mpaka ambao mpira ukiuvuka unahesabiwa umepotea. Kwa hiyo upande wa kushoto ni mpana na salama karibu siku zote. Anayeogopa apige kushoto, wala hatapoteza mpira.

Lakini usalama huo una bei, na bei hulipwa kwenye mkwaju unaofuata. Aliyekwenda kushoto mara nyingi anajikuta kati yake na bendera kuna banka, yaani shimo la mchanga lenye ukuta wa nyasi, au kilima kitakachoupotosha mpira. Aliyethubutu kupita kulia, karibu na miiba au ukuta, anaikuta grini iko wazi mbele yake. Uwanja unakuuliza mapema: unataka kuilipa hofu yako sasa au baadaye?

Shimo la 14, liitwalo Long, ndilo linalouliza kwa ukali zaidi. Kulia kuna ukuta wa mpaka. Kushoto kuna kundi la mabanka yaitwayo Beardies. Katikati, baada ya bonde tulivu liitwalo Elysian Fields, linakungoja Hell, banka kubwa ambalo jina lake ni Jehanamu kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1995 Jack Nicklaus, aliyekuwa ameshinda Open mbili katika uwanja huu huu, aliingia humo. Ilimchukua mikwaju minne kutoka, akamaliza shimo kwa kumi. Si kwamba alisahau kupiga mpira.

Daktari mmoja wa Uingereza mwenye asili ya Uskoti, Alister MacKenzie, aliuacha udaktari akawa mchoraji wa viwanja. Alitumia muda mrefu kuupima Old Course, na mwaka 1924 ikatoka ramani yake inayoonyesha kila banka na kila mwinuko. Alipoliandika shimo la 14 alilichora likiwa na njia nne tofauti. Moja ni ya mwenye nguvu na ujasiri, anayepita karibu na ukuta. Nyingine ni ya mwenye nguvu za wastani. Nyingine inazunguka mbali kushoto, kwenye njia ya shimo la tano, na kumfikisha mtu kwenye grini bila kuikaribia Hell hata kidogo. Kwa MacKenzie hilo ndilo lilikuwa somo kuu. Shimo zuri halimfukuzi mchezaji dhaifu. Linampa njia ndefu, polepole, lakini njia. Wakati huo viwanja vingi vilichorwa kwa fikra ya adhabu: mchanga huku na huku, mpira upite katikati, anayekosea aumie. Mtu asiye na nguvu aliadhibiwa kwa kutokuwa na nguvu. St Andrews ilimwadhibu mtu kwa jambo moja hasa, kutaka asichokiweza.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Jones mwaka 1921. Shimo la 11, alilojitoa, ni fupi. Mpira hufika kwa mkwaju mmoja. Grini yake inainama sana kutoka nyuma kuja mbele. Mbele kulia kuna banka liitwalo Strath, kushoto liko la Hill, na nyuma ni mto Eden na upepo wake. Mwenyeji anajua kwamba hapo ni afadhali mpira ubaki chini ya shimo, hata kama uko mbali, kuliko kuwa juu yake kwa hatua mbili. Kijana wa Atlanta alikuwa amezoea viwanja ambavyo mpira unapigwa juu, unaanguka na kutulia. Hapa mpira ukianguka ndipo safari yake inapoanza.

Kuuliza si ujinga, na Jones aliuliza. Alirudi mwaka 1926 katika timu ya Marekani iliyocheza na Uingereza hapo St Andrews, na mwaka 1927 akaja kuitetea Open aliyoishinda mwaka uliotangulia. Safari hii alishinda kwa mikwaju 285, akimwacha wa pili kwa sita, hesabu ambayo haikuwahi kufikiwa katika Open kabla ya hapo. Watu walimbeba mabegani. Naye akaomba kombe lisiende Marekani, libaki palepale St Andrews.

Mwaka 1930 alitaka ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza, taji pekee kubwa lililokuwa limemkwepa. Katika raundi ya nne alikutana na Cyril Tolley, bingwa mtetezi, na mchana kutwa hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Wakafika shimo la 17 wakiwa sawa.

Shimo la 17 linaitwa Road, na wengi husema hakuna gumu kulizidi katika mashindano makubwa. Mkwaju wa kwanza hupigwa bila kuona unakokwenda, juu ya mahali palipokuwa mabanda ya reli iliyofika mjini mwaka 1852. Leo pana hoteli, na hoteli iko nje ya mpaka. Grini ni nyembamba na imelala mshazari. Mbele yake, kushoto, kuna banka dogo lenye kina, Road Bunker, na ardhi yote inayolizunguka inatelemkia kwake kama maji yanavyotafuta shimo la kuingilia. Nyuma kuna barabara, na baada ya barabara ukuta wa mawe. Anayeliogopa banka huvuka grini akaangukia barabarani. Anayeiogopa barabara hupiga kwa upole akaangukia mchangani. Sifa za kuitengeneza grini hiyo hupewa Allan Robertson, fundi wa mipira ya manyoya na mtu wa kwanza kumaliza Old Course chini ya mikwaju 80, alipopiga 79 mwaka 1858.

Jones hakuilenga bendera. Alichagua kupita kushoto kabisa mwa banka, upande wa kuanzia shimo la 18, mahali palipokuwa pamejaa watazamaji, akaomba warudishwe nyuma kwanza. Mpira ukamgonga mmoja wao ukasimama karibu na grini. Bahati ilimsaidia, lakini uamuzi ulikuwa wake. Walitoka sare kwenye shimo hilo, Jones akashinda kwenye la 19, na mwisho wa juma taji likawa lake. Mwaka huo huo alitwaa mataji yote makubwa manne ya enzi zake, kisha akaacha mashindano akiwa na miaka 28.

Tangu hapo Road limeendelea kuwafundisha wengine somo lile lile. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikuwa juu ya grini kwa mikwaju miwili, yuko katika mbio za ubingwa. Aliusukuma mpira kuelekea shimoni, ukafuata mwinamo, ukaingia bankani. Mikwaju minne kutoka. Tisa kwa shimo. Mwaka 1984 Tom Watson, bingwa mara tano, alikuwa sawa na Seve Ballesteros alipopiga mkwaju wake wa pili kwa nguvu mno. Mpira ukavuka barabara ukasimama karibu na ukuta, na Open ikaenda Hispania. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda kwa mikwaju minane, na katika raundi zote nne mpira wake haukuingia katika banka hata moja kati ya 112 yaliyokuwa uwanjani. Watu walishangaa umbali aliokuwa akipiga. Wenye kujua walishangaa alivyokuwa akichagua mahali pa kuuweka mpira.

Mwaka 2022, katika Open ya 150, Cameron Smith wa Australia alifika 17 akiongoza kwa mkwaju mmoja, na mpira wake wa pili ukasimama mahali ambapo Road Bunker lilikuwa katikati yake na bendera. Mkwaju wa kishujaa ulikuwa kuupandisha mpira juu ya mchanga. Smith alichukua fimbo fupi ya kusukumia, ile ya kwenye grini, akauzungusha mpira kando ya banka ukapanda taratibu. Bado ukabaki mbali na shimo, akautia kwa mkwaju uliofuata, na akatwaa ubingwa.

Sasa turudi kwenye lile swali. Jones alipostaafu alitaka kujenga uwanja nyumbani kwao Georgia, akamchagua MacKenzie auchore. Augusta National ulifunguliwa mwaka 1933, na mwaka uliofuata yakaanza mashindano yanayojulikana leo kama Masters. Wawili hao walihamisha fikra ya St Andrews kwa makusudi: njia pana, mabanka machache, kila shimo na upande wake salama unaotozwa baadaye. Shimo la 13 la Augusta linazungukwa na kijito kushoto. Ukithubutu kukikaribia, unaifikia grini kwa mikwaju miwili. Ukikikwepa, unahitaji mitatu. Ni lugha ile ile ya Old Course kwa lafudhi ya Georgia.

Kilichobaki Uskoti ni ile hati ya 1552. Augusta ilikuwa klabu ya faragha. Kwa miongo mingi Mwafrika-Mmarekani aliingia pale kama mpishi, mhudumu au kedi, mbebaji wa fimbo. Mpaka mwaka 1982 wachezaji wa Masters walilazimika kutumia makedi wa klabu, watu weusi walioijua miinamo ya grini zile kuliko mabingwa waliowabebea. Mchezaji akitaka kujua kushoto ni kupi kwa kweli, aliwauliza wao. Mchezaji mweusi wa kwanza kushindana Masters, Lee Elder, alifika mwaka 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza alikubaliwa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo. Gofu ilikuja kwetu na wakoloni. Nairobi ilikuwa na klabu yake ya gofu tangu mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Waafrika walizijua njia za viwanja hivyo kwa mabega yao kabla hawajaruhusiwa kuzipita kama wachezaji. Wala St Andrews si mji wa malaika. Klabu yenye jumba maarufu nyuma ya shimo la kwanza iliwafungia wanawake nje mpaka walipopigiwa kura ya kukubaliwa mwaka 2014. Lakini jumba ni jumba, na ardhi ni ardhi. Mwanamke wa mji aliyezuiwa mlangoni aliweza kugeuka, akatembea hatua chache, akacheza.

Nadhani hiyo ndiyo sababu mkakati wa Old Course ni vigumu kuunakili wote. Njia ya kushoto ipo kwa sababu uwanja ulikuwa wa kila mtu. Bikizee, mtoto, muuza samaki na askofu walipita ardhi ile ile, na ardhi ikajifunza kuwapisha. Unaweza kuchimba banka kama la Road kokote duniani, na wengi wamefanya hivyo. Kumpa kila mtu nafasi ya kulizunguka ni kazi nyingine.

Oktoba 1958 Jones alirudi St Andrews akiwa nahodha asiyecheza wa timu ya Marekani. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulikuwa umeshamnyang'anya miguu polepole, na fimbo ya gofu alikuwa ameiweka chini miaka kumi iliyopita. Mji ulimpa heshima ya kuwa raia wake huru, Mmarekani wa kwanza kuipata tangu Benjamin Franklin mwaka 1759. Ukumbi ulijaa. Alizungumza bila karatasi, kisha akatoka kwenye kigari alichokuwa akitumia kutembelea, na watu wakasimama wakamwimbia wimbo wa kale wa Uskoti wa kumuaga mtu wasiyetarajia kumwona tena.

Alifariki Desemba 1971. Mwaka uliofuata shimo la 10 la Old Course, ambalo kwa karne nzima halikuwa na jina la mtu, likaitwa Bobby Jones. Ukilimaliza, unatembea hatua chache tu kufika mahali pa kuanzia la 11. Mbele yako kuna upepo, mto, na banka la Strath. Jumapili, kama uwanja umefungwa, unaweza kukuta watoto wa mji wamekaa ukingoni mwake.